Intel Core Ultra 7 258V: prosesa bora kutoka kampuni yenye hasara

Prosesa ya Intel Core Ultra 7 258V iliingia sokoni Septemba 2024, na siku hizi hupatikana ndani ya kompyuta mpakato za kampuni mbalimbali zinazouzwa Kampala. Kati ya prosesa zote za Intel nilizowahi kuzitumia kazini, hakuna iliyoniridhisha kama hii. Ndiyo pia prosesa ambayo wakuu wa Intel waliwaambia wawekezaji kwamba mpangilio wake hautarudiwa, kwa sababu unapunguza faida ya kampuni. Mnunuzi anaifurahia na mwenye hisa anaihofia, na wote wawili wana haki, kwa kuwa kinachomfurahisha mmoja ndicho kinachomgharimu mwingine.

Nimeitumia kwa sababu chama chetu cha akiba na mikopo kilihitaji kompyuta mpya, nami nikiwa katika kamati ya ununuzi niliombwa kuijaribu moja kabla hatujaagiza nyingine. Swali la kamati halikuwa la kasi peke yake. Baadhi ya wajumbe walikuwa wamesoma habari za hasara za Intel na kupunguzwa kwa wafanyakazi wake, wakauliza kama ni busara kuziweka fedha za wanachama katika mashine inayotegemea kampuni inayoyumba, wakati kompyuta tunazonunua hukaa nasi miaka mingi. Ni swali la msingi, na wauzaji wa kompyuta hawalijibu.

Nianze na mashine yenyewe. Kazi zetu ni za kawaida: majedwali makubwa ya mikopo, programu ya uhasibu iliyoandikwa zamani kwa ajili ya Windows, vikao vya video na matawi, na kurasa nyingi za intaneti zinazofunguliwa kwa pamoja. Umeme ukikatika asubuhi, mashine hii huendelea na kazi hizo zote hadi alasiri bila kuunganishwa na chaja, na feni yake husikika kwa nadra. Kompyuta zetu za zamani, zile tulizonunua zikiwa zimeshatumika, huzimika kabla jenereta haijawashwa. Kwa ofisi inayolipia dizeli, saa hizo za betri ni fedha zinazobaki katika sanduku la chama. Chaja yake hutumia waya wa USB-C, kwa hiyo hata mfumo mdogo wa sola wa tawi la kijijini unaimudu. Ukifunga kifuniko Ijumaa jioni na kukifungua Jumatatu, unakuta kazi yako ilivyokuwa na betri imepungua kidogo tu. Programu ile ya uhasibu, ambayo ndiyo iliyotufanya tusite kununua kompyuta zenye prosesa za aina ya simu, ilifunguka na kufanya kazi bila marekebisho yoyote.

Ina viini vinane, yaani sehemu zinazofanya hesabu, vinne vya kazi nzito na vinne vya kuokoa umeme, na kila kiini hubeba mkondo mmoja wa kazi, kwa sababu Intel iliiondoa hapa mbinu yake ya miaka mingi ya kukibebesha kiini kimoja mikondo miwili. Ukiilinganisha na Ryzen AI 9 HX 370 ya AMD, mshindani mkuu wa Intel, yenye viini 12 na mikondo 24, utaona tofauti pale unapohariri video ndefu au kuchakata takwimu nyingi kwa mpigo. Hapo Intel huachwa nyuma, na mwenye kazi ya namna hiyo asiinunue. Kitengo chake cha akili mnemba, chenye uwezo wa operesheni trilioni 47 kwa sekunde, hutangazwa kwa herufi kubwa kwenye maboksi, lakini katika ofisi yetu hakijapata kazi yoyote ya maana. Sikuona sababu ya kukilipia.

Fundi wetu aliifungua mashine mbele ya kamati. Alitoa skrubu za chini, akapenyeza kipande cha plastiki ukingoni mpaka kifuniko kikaachia, akatuonyesha betri iliyochukua karibu nusu ya nafasi yote, kisha diski ya SSD iliyoshikwa kwa skrubu moja. Mweka hazina, ambaye sote humwita Ssalongo, jina la heshima la baba wa mapacha, akauliza memori iko wapi. Fundi akaligusa kwa ncha ya bisibisi bamba la shaba linalopoza prosesa, akasema: “Iko chini ya hili, mzee, imefungwa pamoja na prosesa. Hakuna tundu la kuongeza, na ikiharibika ni bodi nzima.”

Hilo ndilo doa kubwa la mashine hii kwa nchi kama yetu, ambako kompyuta huanza maisha na memori ndogo, kisha huongezewa mwenyewe anapopata fedha, na ambako mafundi wa Kampala huifufua mashine iliyokufa kwa kubadilisha kipande kimoja kwa kingine. Kwa familia ya Core Ultra 200V, ambamo 258V imo, unachagua kiasi cha memori siku ya kununua, na uchaguzi huo haubadiliki. Tarakimu ya mwisho ya jina ndiyo inayokueleza: zile zinazoishia kwa 6, kama 226V na 256V, zina GB 16; zile zinazoishia kwa 8, kama 228V na 258V, zina GB 32. Wauzaji wengi hawalijui hilo, au hawalitaji, na tofauti ya bei kati ya 256V na 258V inaweza kumshawishi mnunuzi achukue ile ndogo kwa kuona majina yamefanana. Nashauri GB 32, hata kama ni lazima usubiri mwezi mwingine.

Sasa tuingie katika hesabu za kampuni. Memori kukaa ubavuni mwa prosesa kumefupisha safari ya data na kupunguza umeme unaotumika, na sehemu ya saa zile za betri ninazozisifu imetoka hapo. Lakini Intel haitengenezi memori hizo. Inazinunua kwa kampuni nyingine, inazifunga pamoja na prosesa yake, kisha inaziuza kwa watengenezaji wa kompyuta bila kubakiwa na faida ya maana juu yake. Zaidi ya hayo, sehemu kuu ya prosesa hii, yenye viini vyote vinane, haikutengenezwa katika viwanda vya Intel bali katika viwanda vya TSMC ya Taiwan, inayotengeneza chipu za kampuni nyingine, kwa teknolojia ya nanomita 3 (namba ikiwa ndogo, teknolojia ni mpya zaidi). Kampuni iliyojijengea jina tangu 1968 kwa kubuni na kutengeneza kila kitu yenyewe ililazimika kumlipa mshindani wa viwanda vyake, huku viwanda vyake, ambavyo gharama zake hazipungui hata vikikosa kazi, vikiendelea kuhudumiwa kwa mabilioni. Reuters iliripoti mwaka 2024 kwamba hata punguzo kubwa la bei ambalo Intel ilikuwa ikilipata kwa TSMC lilipotea baada ya matamshi ya Pat Gelsinger, mkurugenzi mkuu wa wakati huo, kuhusu hatari ya kuitegemea Taiwan. Katika mkutano na wawekezaji mwishoni mwa Oktoba 2024, Gelsinger alisema mpangilio huu wa memori ni wa mara moja na hautaendelea katika prosesa zitakazofuata.

Mizizi ya hasara iko nyuma zaidi. Teknolojia ya Intel ya nanomita 10 ilichelewa kwa miaka, haikufika sokoni kwa wingi hadi 2019, na katika kipindi hicho TSMC ilitangulia na kuwabeba AMD, Apple na Nvidia. Gelsinger alirudi mwaka 2021 akiahidi hatua tano za teknolojia ndani ya miaka minne, viwanda vipya Marekani na Ulaya, na huduma ya kuzitengenezea kampuni nyingine chipu zao. Mpango huo ulihitaji fedha nyingi kabla ya kuleta mapato yoyote. Aprili 2024, Intel ilipoanza kutangaza hesabu za viwanda peke yake, wawekezaji waliona hasara ya uendeshaji ya dola bilioni 7 kwa mwaka 2023. Mwaka 2024 ikafika bilioni 13.4. Kampuni nzima ilifunga 2024 kwa mauzo ya dola bilioni 53.1 na hasara ya bilioni 18.8, hasara yake ya kwanza ya mwaka mzima tangu 1986.

Ni haki kueleza kwamba sehemu kubwa ya hasara hiyo haikuwa fedha taslimu zilizotoka benki. Katika robo ya tatu ya 2024 peke yake, iliyoleta hasara ya dola bilioni 16.6, Intel ilipunguza vitabuni thamani ya mitambo ya zamani, thamani ya kampuni tanzu ya Mobileye, na nafuu za kodi ilizotarajia kuzitumia baadaye. Lakini mtu asidhani kwamba hasara ya vitabuni ni hasara isiyouma. Kupunguza thamani ya mitambo ni kukiri kwamba fedha zilizolipwa zamani hazitarudi kama ilivyotarajiwa, na kuziondoa nafuu za kodi ni kukiri kwamba kampuni yenyewe haina hakika ni lini itapata faida ya kutozwa kodi. Kwangu mimi, tarakimu inayosema zaidi ni faida ghafi, yaani kinachobaki katika mauzo baada ya kuondoa gharama za kutengeneza bidhaa, ambayo Intel iliizoea ikiwa karibu asilimia 60 ya mauzo, na ambayo mwaka 2024 ilikuwa asilimia 32.7.

Ndipo kisu kikaanza kukata. Tarehe 1 Agosti 2024 Intel ilitangaza kuondoa wafanyakazi wapatao 15,000, kupunguza gharama kwa dola bilioni 10 katika mwaka 2025, na kusimamisha gawio ambalo wenye hisa walikuwa wakilipwa tangu 1992. Siku iliyofuata hisa zake zilishuka kwa asilimia 26. Novemba ikaondolewa katika Dow Jones, fahirisi ya hisa za kampuni kubwa za Marekani, nafasi yake ikachukuliwa na Nvidia, na Desemba Gelsinger akaondoka. Lip-Bu Tan, aliyeingia Machi 2025, alikaza zaidi: wafanyakazi waliokuwa 124,800 mwishoni mwa 2023 walilengwa kubaki takriban 75,000 mwishoni mwa 2025, mradi wa Magdeburg nchini Ujerumani na ule wa Wrocław nchini Poland ikafutwa, ujenzi wa Ohio ukapunguzwa kasi, na asilimia 51 ya Altera, kampuni yake tanzu ya chipu, ikauzwa kwa kampuni ya uwekezaji ya Silver Lake. Kabla ya hapo, mwaka 2024, kampuni ilifikia hadi kuondoa kahawa na matunda ya bure ofisini, kisha ikairudisha kahawa baada ya kuona madhara kwa ari ya wafanyakazi, jambo ambalo sisi wa nchi inayouza kahawa tunalielewa haraka.

Ssalongo, ambaye alikuwa na hisa za Umeme, kampuni iliyokuwa ikisambaza umeme nchini, na amezoea kusoma mizania kuliko wengi wetu, alilitazama gawio kwanza. “Gawio likikatwa, mwanangu,” aliniambia, “mwenye hisa mvumilivu huondoka, na anayebaki ni yule anayebahatisha.” Namheshimu mzee, lakini katika hili sikubaliani naye. Kuendelea kugawa fedha taslimu wakati viwanda vinaungua kwa hasara kungekuwa kosa kubwa zaidi, na kwa maoni yangu gawio lile lilichelewa kusimamishwa. Kinachopaswa kumtia mwekezaji hofu ni taarifa ya Julai 2025, ambamo Intel ilieleza kwamba ikishindwa kupata mteja mkubwa wa nje wa teknolojia yake ijayo ya 14A, inaweza kuisimamisha au kuiacha kabisa. Kufuta kiwanda ambacho hakijajengwa ni kupunguza mzigo. Kuacha teknolojia ijayo ni kuacha nafasi ya kurudi mbele, na hakuna akiba ya gharama inayoweza kuifidia.

Nasema hivyo kwa kuitazama AMD, ambayo ilipita njia hii hii ikiwa dhaifu kuliko Intel ya leo. AMD iliinunua ATI, kampuni ya chipu za michoro, mwaka 2006 kwa dola bilioni 5.4, ikazama katika madeni, na mwaka 2009 ikavitenga viwanda vyake vikawa GlobalFoundries. Mwaka 2012 ilipata hasara ya dola bilioni 1.18 na kutangaza kupunguza takriban asilimia 15 ya wafanyakazi. Mwaka 2013 iliuza ofisi zake za Austin kwa dola milioni 164 na kubaki humo kama mpangaji. Wakati huo wachambuzi wengi walishaihesabu miongoni mwa wafu. Lakini katika kukata kote huko haikuugusa mradi wa Zen, muundo wake mpya wa prosesa, na chini ya Lisa Su, aliyeshika uongozi Oktoba 2014, prosesa ya Ryzen iliyotokana nao ilitoka Machi 2017 na kuibadilisha biashara nzima. Ndiyo maana sioni faida ya kumuuliza mtu amepata hasara ya kiasi gani bila kumuuliza amekata nini na ameacha nini.

Kwa Intel jibu bado limegawanyika. Agosti 2025 serikali ya Marekani ilichukua takriban asilimia 10 ya hisa kwa dola bilioni 8.9, SoftBank, kampuni ya uwekezaji ya Japani, ikaweka bilioni 2, na Septemba Nvidia ikatangaza kuweka bilioni 5. Robo ya tatu ya 2025 ilionyesha faida ya dola bilioni 4.1, na magazeti mengi yakaandika kwamba kampuni imepona. Ukisoma kwa makini utaona kwamba faida ya uendeshaji ilikuwa chini ya dola bilioni 1, na kwamba viwanda peke yake vilipata hasara ya bilioni 2.3 katika robo hiyo. Fedha za wawekezaji wapya zimeipa Intel muda wa kujipanga. Wateja wa viwanda vyake ndio wanaosubiriwa.

Mnunuzi wa Kampala anaguswa wapi na haya yote? Prosesa iliyokwisha kutengenezwa haipungui kasi kwa sababu hisa zimeshuka New York, na nilimweleza hivyo kila mjumbe aliyeuliza. Hatari iko katika huduma zinazofuata mauzo, hasa programu ndogo zinazoiunganisha prosesa na mfumo wa kompyuta, ambazo huandikwa na watu wale wale wanaopunguzwa. Julai 2025 Intel iliifunga Clear Linux, mfumo wake yenyewe, na waliokuwa wakiutumia wakaambiwa wahamie kwingine. Kwa anayetumia Windows athari ni ndogo, kwa kuwa soko ni kubwa na Intel haiwezi kulipuuza. Anayetumia Linux, kama walivyo wanafunzi na watafiti wengi wa vyuo vyetu, aangalie kwanza kama mfumo wake unaitambua kikamilifu prosesa anayotaka kuinunua, kwa sababu marekebisho hayatakuja kwa kasi ile ya zamani.

Upande wa dhamana, Intel ilifanya jambo la kusifiwa katikati ya dhiki yake. Prosesa zake za kompyuta za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilipogundulika kuwa na kasoro ya volti iliyozichakaza kabla ya wakati, ilitoa marekebisho Agosti 2024 na kuongeza miaka miwili ya dhamana, wakati ambapo kila dola ilikuwa ikihesabiwa. Familia hii ya 200V haimo katika kasoro hiyo. Hata hivyo, kwa kompyuta mpakato dhamana hutolewa na aliyetengeneza kompyuta, na mashine nyingi zinazoletwa Kampala kwa mikono ya wafanyabiashara binafsi zina dhamana ya nchi nyingine isiyotambuliwa hapa. Kwa mashine ambayo ubovu wa memori unamaanisha bodi nzima, tofauti hiyo ni kubwa kuliko punguzo lolote utakalopewa dukani.

Mrithi wake, Core Ultra Series 3, aliyetangazwa Oktoba 2025, sehemu yake kuu hutengenezwa kwa teknolojia ya Intel yenyewe ya 18A katika kiwanda cha Arizona, na memori imerudishwa nje ya prosesa. Kwa mwekezaji hiyo ndiyo habari iliyosubiriwa, maana kazi imerudi nyumbani na gharama ya memori imehama. Kwa mnunuzi wa hapa ina maana mbili: baadhi ya kompyuta zitaweza kuongezewa memori tena, na mashine zenye 258V huenda zikashuka bei kadiri mpya zinavyoingia, ingawa hazitaendelea kutengenezwa milele. Kwa anayetaka betri ndefu leo, kwa kazi za ofisi na programu za zamani za Windows, sijaona sababu ya kusubiri.

Kamati ilikubali kununua mashine zenye 258V kwa ajili ya maofisa wa mikopo wanaozunguka matawini, ambao hawana hakika ya umeme popote wanapofika. Ofisi kuu itachukua kompyuta zenye AMD ambazo memori yake inaongezeka. Kuhusu hisa za Intel, ambazo mjumbe mmoja kijana alipendekeza chama kizifikirie, tulikataa: fedha za wanachama haziwezi kukaa katika kampuni isiyolipa gawio mpaka tujue kama 14A imepata wateja. Oda imewekwa kwa sharti kwamba risiti itaje namba kamili ya prosesa pamoja na wakala wa Kampala atakayeipokea mashine ikiharibika.